Chuma cha Kunywa

Wadogo zangu mnaoingia zahanati ya Newala baada yangu,

Mimi naondoka. Sheria ya misheni yetu ni kwamba mwanamke mwenye mtoto mgongoni hafai tena kazi ya dawa, kwa hiyo nimekabidhi funguo za kabati, aproni mbili na mkasi butu. Wamenifanyia sala, wakanipa chai, wakaniita mstaafu. Mstaafu mwenye meno yote kinywani! Mwanangu Lusia ndiye hana hata moja. Haya, hilo liishie hapo. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alipata rupia ngapi waachieni wanaume, maana wao huzipenda na huzisimulia vizuri kuliko sisi.

Nataka kuwaandikia juu ya damu. Si ile iliyomwagika vitani, maana hiyo wazee wenu wameshawasimulia hadi mmechoka. Nasema damu inayokosekana ndani ya mtu anayetembea, anayepika, anayetwanga, hadi siku moja anakaa chini hanyanyuki. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuona ugonjwa mwingine mara nyingi kama huo, wala haukuwapo ulioniudhi zaidi, kwa sababu dawa yake tulikuwa nayo kabatini.

Nilianzia Masasi. Vita vya maji vilikuwa vimekwisha, yaani bunduki zilikuwa zimenyamaza. Njaa ndiyo kwanza ilikuwa inaanza zamu yake. Maghala yalichomwa, mashamba yalichomwa, mbuzi waliliwa na kila aliyepita na silaha. Misheni nayo ilikuwa imeungua, kwa hiyo tulitibu watu kwenye banda la nyasi lenye harufu ya moshi. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya bweni ya wasichana, nimemaliza darasa la mwisho kabisa, kichwa kimejaa ramani ya Ulaya na majina ya mito ambayo sitakaa nioge ndani yake. Hakuna mwalimu aliyenifundisha kwamba mtu anaweza kuwa mweusi na bado akapauka.

Hilo nilifundishwa na Sista Hedwiga, Mdachi kutoka Ujerumani aliyekuwa mkuu wa zahanati. Alikuwa mrefu, miguu mikubwa, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Siku yangu ya kwanza aliniweka mbele ya wanawake waliotoka Mkomaindo na Lisekese, akasema, "Agata, usitazame ngozi. Ngozi itakudanganya. Tazama mahali ambapo watu wote ni wekundu." Ndiyo maana hadi leo namvuta mtu kope la chini kabla sijamuuliza jina. Kope, ulimi, kiganja, kucha. Kucha za mtu asiye na damu hubonyea katikati, hata tone la maji hutulia pale juu. Akanivuta kope langu mwenyewe ili nione kwenye kioo. "Jeupe kama unga wa muhogo," akasema. Basi nikawa mgonjwa wa kwanza wa siku yangu ya kwanza.

Vidonge tulivifinyanga wenyewe, na nawaombeni msiwe wavivu wa kujifunza, kwa sababu vile vya kopo husafiri vibaya. Chumvi ya chuma ni chenga za kijani, mkiona zimegeuka kahawia zimeshaharibika. Pima kwa mizani, saga kwenye kinu kidogo, changanya na asali, sukuma uwe kama mnyoo, kata juu ya ubao wenye mifereji. Ukilamba kidole utadhani umelamba jembe. Waambieni wagonjwa mapema kwamba choo kitakuwa cheusi. Usipomwambia mtu, atakiona, atajua amerogwa, na ataeleza kijiji kizima nani kamroga. Na mviweke mbali na watoto. Mtoto akivila kama peremende ataugua vibaya, anaweza hata kufa. Chuma hakina huruma kwa anayezidisha.

Tulikuwa pia na karatasi nene ya kunyonyea. Unamtoboa mtu kidoleni, tone linaingia kwenye karatasi, unalilinganisha na kipande chenye mistari ya wekundu, kutoka ule wa komamanga hadi ule wa maji ya kuoshea nyama. Ni chombo kizuri, kasoro watu. Mama mmoja wa Lisekese, muuza tumbaku, alinitazama nikishika sindano, akawageukia wenzake kwenye foleni.

"Hebu sikieni vituko. Mtoto huyu kaniambia sina damu. Sasa anataka nimpe."

"Ni tone moja tu, mama."

"Kama sina, hilo tone utalitoa wapi? Na kama ninalo, unanitibu nini?"

Walicheka hadi wengine wakaondoka kwenye foleni, tena wale waliokuwa wamepauka zaidi. Mimi nilifura siku nzima. Sista aliniambia, "Hasira yako ni nzuri kwa kusukuma vidonge," na kweli siku ile nilisukuma vingi.

Njaa ilipolegea nikahamishiwa Newala, na Sista naye akaja kufungua zahanati. Ninyi mliozaliwa juu huku hamuoni ajabu kwamba maji yapo chini bondeni na watu wanaishi juu. Mimi nililiona siku ya kwanza nikaona ni wazimu. Mwanamke anateremka ule ukingo alfajiri, anajaza, anapanda na mtungi kichwani, na njia imesimama kama ukuta. Sasa mweke huyo mwanamke mimba. Mtoe damu nusu. Mimi nilikuwa nakaa pale njia inapotokea juu, nikiwasikiliza wanavyohema. Msishangae, hiyo nayo ni kazi. Mwenye damu huhema na kusema. Asiye nayo huhema tu, mkono kifuani, midomo ya majivu. Nikimwona huyo namfuata nyumbani.

Na nyumbani nilikuta udongo. Mnajua ninachosema, msijifanye. Udongo mwekundu wa kichuguu, umeokwa kidogo, umefungwa kwenye pindo la nguo, mjamzito anautafuna kama karanga. Huku juu waliamini kwamba kwa kuwa ni mwekundu unaongeza damu. Nimebishana na wanawake juu ya udongo huo mpaka sauti ikakauka. Hamu ya udongo ndiyo ugonjwa wenyewe unaongea. Mwili unatafuta chuma haukijui kilipo, unaanza kutafuna nchi. Kisha udongo unakaa tumboni, unashika hata kile kidogo kilichokuwa kwenye mboga, unatoka nacho. Na minyoo ya safura ikiwamo nayo inanyonya yake. Mtu anavimba uso, anavimba miguu, majirani wanasema amenenepa.

Watoto je? Walikula muhogo asubuhi na muhogo jioni. Kunde na mbaazi mbegu zake ziliungua vitani. Hapa niseme bila kuremba: waliokuwa wakila panya wa shambani na kumbikumbi, watoto wao walikuwa na mashavu. Wa kwetu Waislamu panya hawali, wala sikuwalaumu, lakini mbuzi hawakuwapo, na mbadala haukuwapo. Mtoto anadumaa, anaharisha, hana hamu ya kula, pembeni mwa mdomo na matakoni vidonda visivyofunga. Tuliwapaka marhamu nyeupe. Siku moja nikamuuliza Sista ni kitu gani. Akasema ni zinki, madini kama chuma yalivyo madini.

"Chuma tunawamezesha," nikamwambia. "Hii mbona tunawapaka?"

Akacheka. "Kwa sababu kidonda kiko nje, Agata."

Kidonda kilikuwa nje, naam. Tulipaka, tukapaka. Kilifunga kwa mtoto ambaye baba yake alipata nyama, kikabaki wazi kwa mtoto aliyebaki na muhogo na marhamu. Swali langu bado ninalo. Nawaachieni ninyi, labda mtapata mtu wa kulijibu bila kucheka.

Sasa nifike kwa Somoe.

Somoe alikuwa binti wa mama yangu mkubwa, kwa hiyo kwetu ni dada, hana jina jingine. Familia yao ni Waislamu wa Masasi, walihamia Newala baada ya vita. Mimi nilibatizwa shuleni, yeye akabaki na dini ya nyumbani, na hatukuwahi kugombana kwa hilo, tuligombana kwa kila kitu kingine. Alikuwa na ulimi! Nilimkuta pale juu ya njia ya maji, mtungi ameutua, ameegemea mti, mimba imeshaonekana.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Usiniguse jicho."

"Sijasema neno."

"Mkono wako umeshatoka mfukoni."

Nikamvuta kope hivyo hivyo. Sitasahau. Hapakuwa na wekundu wowote. Mimba iliyotangulia iliharibika, na alikuwa amefunga udongo kwenye pindo kiasi cha kujengea jiko. Nilijua bila karatasi wala sindano kwamba akijifungua katika hali ile, hata akitokwa damu ya kawaida, atakwisha. Muda ulikuwapo. Ndicho kinachoniuma. Muda ulikuwapo wa kutosha kabisa.

Nilipeleka vidonge jioni ile. Mama mkubwa, Mama Somoe, alinipokea vizuri, akanikaribisha uji, kisha akauliza, "Hivyo ni vya nini?"

"Vya kuongeza damu, mama mkubwa. Ni chuma."

Alitua kata ya uji. Kaka yake, mjomba wetu, alikuwa mmoja wa walionyweshwa maji ya dawa wakaambiwa risasi hazitawapata. Alikufa Masasi, na mama mkubwa ndiye aliyemwosha.

"Mwanangu," akasema, "mjomba wako alipewa dawa imwingie mwilini, chuma kisimwingie. Dawa ikaingia, na chuma kikaingia. Mimi nilikitoa kwa vidole vyangu. Leo wewe, mtoto wa mdogo wangu, unatoka kwa haohao Wadachi na chuma kwenye karatasi, unasema Somoe akimeze?"

"Risasi si chuma, mama mkubwa, risasi ni madini mengine."

Ndivyo nilivyojibu. Darasa la mwisho la shule ya bweni! Alinitazama kwa huruma, akanirudishia vidonge vyangu mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja.

Na hakuwa peke yake. Nyumba kwa nyumba nilisikia lile lile. Watu walikuwa wamechoka na dawa za kuingia mwilini. Mtu akikuletea kitu akasema kitakupa nguvu, unakumbuka ni nani aliyesema hivyo mara ya mwisho, na alizikwa wapi.

Kitu kimoja tu walikuwa wanakunywa bila hofu, nacho kilikuwa cha zamani kuliko vita. Mkunga wa pale, Bibi Nantende, alikuwa na desturi ya kuwapeleka wajawazito kwa mhunzi. Mhunzi akizamisha jembe la moto kwenye maji, yale maji yanachemka, yanageuka rangi, na mjamzito hupewa kata moja anywe. Mama zao walikunywa, bibi zao walikunywa. Nilikwenda nikaonja. Ladha ya jembe, lakini hafifu mno. Bibi Nantende alinitazama ninavyokunja uso.

"Vipi, mjukuu wangu? Yamekushinda?"

"Yamepwaya, bibi. Chuma kimo, lakini kidogo. Na kwa nini ukiwapa haya unawaruhusu na udongo? Udongo unakula kazi yako."

"Nani kakwambia?"

"Hospitali."

"Hospitali imezaa wangapi?"

Tulibishana asubuhi nzima, mhunzi akiendelea kuvuta mivukuto na kutuomba tuhame. Mwishowe tulipatana kama wachuuzi. Yeye angewakataza udongo. Mimi ningeleta chumvi ya kijani imepimwa, iingie kwenye kibuyu chake kila asubuhi, mbele ya macho ya watu, na wao waambiwe. Hakuna siri. Nilimwambia Sista siku hiyohiyo. Alifurahi, akapima yeye mwenyewe kiasi cha kila kata, akasema, "Ndani ya kidonge au ndani ya maji, chuma ni kilekile."

Somoe alikubali. Mama mkubwa alikubali. "Maji ya mhunzi nayajua," alisema, "hata mimi nilikunywa nikiwa na huyu mkaidi." Kila asubuhi wanawake wakirudi bondeni walipitia kwa mhunzi, wanajipanga, Bibi Nantende anagawa kwa kata. Udongo ulipungua kwenye mapindo. Somoe aliniambia kwa hasira kwamba amepewa kichuguu kizuri na wifi yake, akakitupa kwa sababu hakina ladha tena. Nilimvuta kope. Rangi ilikuwa imeanza, kama ndani ya pera lisiloiva. Alipanda ule ukingo akinitukana njia nzima bila kutua mtungi. Sijawahi kufurahia matusi namna ile.

Halafu akaja akida.

Alikuwa mtu wa pwani, kanzu safi, amewekwa na boma kusimamia kodi na amani. Alikuja na askari wawili, akakuta foleni, kibuyu, kikongwe na kata.

"Nani anagawa maji hapa?"

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bibi Nantende, ingawa hakuamkiwa. Wanawake wakaangalia chini ili wasicheke.

Mimi nikatoka mbele. "Ni dawa ya hospitali, akida. Ni chuma cha kuongeza damu, nimekipima mwenyewe."

"Dawa. Kwenye maji. Watu wamejipanga. Wewe binti, ile miaka ya vita ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakimbia. Nadhani nilikuona mbele yangu."

Hapo walicheka, na hapo nadhani ndipo mambo yalipokuwa magumu. Nikachota kata moja, nikampa. "Onja. Serikali yako inasema maji yale ya vita hayakuwa na nguvu. Kama hayana nguvu, unakamata nini?"

Akarudi nyuma hatua. Nawaambieni alirudi nyuma. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ya mtu na si ya akida, "Mimi siogopi maji. Naogopa Bwana Mkubwa wa boma la Lindi asikie kwamba kwangu watu wanayanywa. Unajua wenzangu walifanywa nini?" Akakohoa, akarudi kuwa akida. "Mwiteni Sista. Akisema ni dawa yake, naondoka."

Nilikimbia kumwita mwenyewe. Njiani nilikuwa nacheka, nikijua tumeshinda. Sista alifika na miguu yake mikubwa, akasimama. Akatazama askari. Akatazama kibuyu. Akatazama ile foleni ndefu ya wanawake waliokaa kimya. Akida akamuuliza kwa heshima kama maji yale ni ya hospitali.

"Hospitali inatoa vidonge," Sista akasema. "Maji hatutoi."

Si uongo. Ndiyo maana nimeshindwa kumsamehe. Angesema uongo ningemwelewa haraka zaidi.

Walimfunga Bibi Nantende kamba wakaondoka naye kuelekea Lindi. Alikuwa anawasema askari njia nzima, anawauliza mama zao walizalishwa na nani. Kibuyu kilipasuliwa. Mhunzi alimwaga pipa lake mbele ya kila mtu, na tangu siku hiyo alikuwa anapozea majembe yake mchangani.

Nilimfuata Sista stoo. Alikuwa anapanga chupa zilizokwisha kupangwa.

"Ulipima wewe mwenyewe," nikamwambia. "Kwa mkono wako."

"Agata, misheni imeshaungua mara moja. Boma likifunga zahanati hii kwa ajili ya kibuyu, ni watu wangapi watakosa dawa? Hebu niambie, wangapi?"

"Mmoja namjua kwa jina."

Akarudi kwenye chupa zake. Alikuwa mwalimu wangu, na mengi ninayowaachieni humu ni yake: kope, kucha, mizani. Nasikitika kwamba ndivyo ilivyo. Ningependa kumchukia kwa ukamilifu.

Somoe sikumwacha. Nilipeleka vidonge kila siku, akavitazama, akasema, "Nimemwona bibi anapita na kamba. Usiniletee." Nilijaribu kuyeyusha ile chumvi kwenye kisamvu. Kikawa cheusi kama lami, mama mkubwa akakimwaga nje na kuniuliza kama sasa nimeamua kuwaua waziwazi. Nikawaomba angalau mboga na mbegu, nikawaletea kunde za shamba la misheni, na hizo walikula. Somoe alijitahidi. Lakini kunde za kuombaomba hazimpandishi mjamzito kutoka alipokuwa amefika. Udongo ulirudi kwenye pindo. Pale juu ya njia nikaanza tena kumsikia akihema bila kunitukana.

Alijifungua mchana, nyumbani. Niliitwa mapema, na mimi nilikuwa naye, naye alikuwa amenishika mkono wangu kwa nguvu hadi pete ikaniumiza. Mtoto wa kike alitoka salama, analia vizuri. Kondo likatoka. Damu nayo ikatoka, na nisikilizeni hapa, haikuwa nyingi. Nimeona wanawake wakitoa zaidi ya ile na jioni wanauliza uji uko wapi. Nilikanda tumbo, nilimweka mtoto titini, nilifanya yote yaliyo kwenye mafunzo yenu, na damu ilikoma. Ilikoma kabisa. Ila hakuwa nayo nyingine ya kubakiza. Alisema, "Agata, mbona baridi," na jua lilikuwa linachoma hadi nyasi za paa zinalia. Nikamfunika nguo yangu. Alitazama mtoto, akatazama mimi, nikaona anatafuta neno la kunikera, kama kawaida yake. Hakulipata.

Ndugu walisema amerogwa. Akida, nilisikia, alisema Mungu amependa. Sista aliandika kwamba amekufa kwa kutokwa damu. Mimi nasema hakufa kwa damu iliyotoka. Alikufa kwa ile ambayo haikuwamo, na haikuwamo kwa sababu watu wazima wote waliomzunguka walikuwa wanaogopa, kila mmoja na hofu yake nzuri, yenye maelezo. Nimekaa na hofu hizo moja moja. Ya mama mkubwa naielewa. Ya akida naielewa. Ya Sista naielewa, nakiri. Nikiziweka pamoja ndipo damu inanichemka.

Bibi Nantende alirudi baada ya msimu mzima, amekonda, hataki kuzalisha mtu. Nilimwomba. Akasema mikono yake imezeeka. Haikuwa imezeeka.

Wadogo zangu, pale stoo kuna kopo la chumvi ya kijani, bado zuri, kavu, nimelifunga kwa nta. Mtafinyanga vidonge na wanawake watakataa. Msiwajibu kama nilivyojibu mimi, juu ya risasi kuwa madini mengine. Kaeni pale juu ya njia ya maji, muwasikilize kwanza.

Nimalize kwa ziara moja. Siku chache baada ya matanga mama mkubwa alikuja zahanati. Hakuwahi kukanyaga pale. Alikuwa amembeba mtoto wa Somoe, amefungwa kwenye kipande cha kanga ya mama yake, na mimi nilikuwa natupa takataka za asubuhi.

"Shikamoo mama mkubwa."

Alisimama mlangoni, akanitazama mikono, si uso. Kisha akamfunua mtoto, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba, taratibu, kama alivyokuwa ameniona mimi nikifanya.

"Vile vidonge vyako," akasema. "Huyu anaweza kumeza?"

Nilikwenda hadi kabatini. Nilifungua. Nilivitazama, vimejaa chupa, vyote vya saizi moja, kazi ya mikono yangu. Nikafunga.

"Hapana, mama mkubwa," nikamwambia. "Hivi vilikuwa vya mama yake."